Maswali ya Wasomaji: Kuzungumzia Mauaji ya Kimbari Chuoni

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji walio vyuoni, pamoja na wazazi na walimu wao, watuandikie kuhusu kazi ya wanafunzi wanaojitolea kuwaelimisha wenzao juu ya mauaji ya kimbari. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, hivyo tumechagua zile ambazo maswali yake yaliulizwa na watu wengi. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Tuko wanafunzi wachache tunaotaka kuandaa wiki ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, kwa maonyesho, mdahalo na usiku wa kuwakumbuka waliouawa. Wenzetu wanatuuliza Rwanda inatuhusu nini, na afisa mmoja ametuambia kwamba hizo ni siasa za nchi jirani na hazina nafasi chuoni. Tumjibu nini, na tuanzie wapi?

Marahaba, kijana wangu, na hongereni kwa nia hiyo. Nianze na hoja ya afisa wenu, kwa sababu ni hoja ya kawaida na inastahili kujibiwa kwa heshima. Yeye anaona kwamba chuo ni mahali pa masomo, na kwamba mauaji ya kimbari ni habari za majeshi na serikali. Historia ya Rwanda yenyewe inapinga mtazamo huo. Mnamo Februari 1973 orodha za majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mjini Butare, wakiamriwa waondoke, na ndani ya kamati zilizoendesha jambo hilo walikuwamo wanafunzi wenzao waliokaa nao darasani. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo hicho. Léon Mugesera, ambaye katika hotuba yake ya Novemba 1992 pale Kabaya alisema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, naye alikuwa msomi aliyefundisha chuo kikuu. Aprili 1994 ilipofika, wahadhiri na wanafunzi waliuawa katika mji ule wa wasomi, na miongoni mwa watu waliotiwa hatiani baadaye kwa uhalifu uliofanyika Butare yumo Arsène Shalom Ntahobali, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi, pamoja na mama yake mzazi, Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri katika serikali. Shahada hazikuwazuia watu hawa kufanya waliyoyafanya, na baadhi yao waliitumia elimu yao kuyapa mauaji sura ya hoja. Mwambieni afisa wenu, kwa upole, kwamba hakuna mahali panapofaa zaidi kuchunguza jambo hili kuliko chuoni, kwa kuwa sehemu ya maandalizi yake ilifanyika chuoni.

Kuhusu wenzenu wanaouliza Rwanda inawahusu nini, jibu liko karibu nao sana. Mapatano ya amani ambayo wauaji walikusudia kuyavunja yalitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa karibu na uwanja wa Kigali, alikuwa akirejea kutoka mkutano uliofanyika Dar es Salaam, katika mji huo huo mnaosoma. Miili ya waliotupwa mitoni ilichukuliwa na Kagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakaiopoa. Maelfu wamezikwa katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Wengi wao walikuwa raia waliokimbia vita, na ndani ya umati huo walikuwamo waliotoka kuua. Wazee wa Ngara bado wapo. Kumwalika mmoja wao azungumze kwa saa moja kutawafundisha wanafunzi kuliko mabango hamsini.

Sasa mwanzie wapi. Anzeni kwa kuwatafuta wanafunzi Wanyarwanda waliopo chuoni kwenu na vyuo vya jirani, na muwasikilize kabla hamjachapisha chochote. Nchini Rwanda kazi hii ilianzishwa na manusura wenyewe. Mwaka 1996 wanafunzi 12 wa chuo kikuu cha Butare waliunda chama cha wanafunzi walionusurika, kinachojulikana kwa kifupi AERG. Walikuwa vijana waliopoteza wazazi, ndugu na nyumba, na ambao chuo kilipofungwa kwa likizo hawakuwa na kwao pa kwenda. Wakajipanga katika familia: kila familia ilichagua baba na mama miongoni mwa wanafunzi, hata kama baba huyo ana miaka 22, na wazazi hao walishughulikia ada ya mmoja, ugonjwa wa mwingine, na posa ya binti aliyehitaji watu wa kusimama upande wake. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu wanaharakati wengi wanadhani uelimishaji ndio kazi ya kwanza. Kwa AERG kazi ya kwanza ilikuwa kuhakikisha mwenzao anakula na anamaliza masomo. Kuwafundisha wengine kulitoka humo, na ndiyo maana maneno yao yalikuwa na uzito.

Kwa upande wa mafunzo yenyewe, mna hazina ambayo vyuo vingi duniani havina. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mnamo Novemba 1994, ilifanya kazi Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji huo. Chukueni hukumu moja tu, ile ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, muisome pamoja kwa wiki kadhaa. Huyu alikuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba, na hapo awali aliwahi kuwa mwalimu. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji hata kidogo. Kisha shahidi mmoja, mama ambaye mahakama ilimpa jina la J ili kumlinda, akaeleza akiwa kizimbani kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu. Majaji, ambao mmoja wao alikuwa mwanamke, Navi Pillay wa Afrika Kusini, wakauliza maswali zaidi. Uchunguzi ukaendelea, hati ya mashtaka ikarekebishwa mwaka 1997, na hatimaye kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, nayo ilisomwa Tanzania. Mwanafunzi akiisoma ataelewa pia jambo linalowachanganya wengi, kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari hauangalii idadi ya waliouawa peke yake, bali unadai ithibitishwe nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, kabila, mbari au dini kwa sababu tu ni kundi hilo.

Mhariri, ninasoma Nairobi. Nimesoma kuhusu kampeni kubwa ya wanafunzi wa Marekani juu ya Darfur miaka ya 2000. Leo Darfur inaungua tena na watu wale wale wanauawa. Nataka jibu la kweli: uanaharakati wa wanafunzi ulisaidia nini, au ni kujiridhisha tu?

Ndugu yangu, swali lako ni zito na sitalijibu kwa maneno ya kufariji. Kampeni ile ilifanya mambo halisi, na ilikuwa na kasoro halisi, na ukichunguza kwa makini utaona kwamba ilifaulu pale wanafunzi walipokijua vizuri kitu walichokuwa wakikidai.

Vita vya Darfur vilianza mwaka 2003, serikali ya Khartoum ilipowatumia wanamgambo wa Janjaweed dhidi ya vijiji vya Wafur, Wamasalit na Wazaghawa. Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington waliunda kikundi kilichojulikana kama STAND, na baada ya muda mfupi matawi yake yalikuwa yameenea katika mamia ya vyuo na shule za sekondari. Wenzao wa chuo cha Swarthmore walianzisha mtandao wa kuchangisha fedha kwa ajili ya walinda amani wa Umoja wa Afrika. Baadaye walifungua namba ya simu ya bure iliyomwunganisha mpigaji na ofisi ya mbunge wake, na wakaanza kuwapa wabunge alama, kama za mtihani, kwa jinsi walivyopiga kura kuhusu Darfur. Wabunge waliopata alama mbaya walikereka, na baadhi yao wakabadilika.

Kilichofanikiwa zaidi kilikuwa kampeni ya kuondoa uwekezaji. Wanafunzi walisoma taarifa za fedha za vyuo vyao, kazi ya kuchosha isiyo na picha wala nyimbo, wakagundua kwamba fedha za vyuo zilinunua hisa za kampuni za mafuta zilizofanya biashara na serikali ya Sudan. Harvard ilitangaza mnamo Aprili 2005 kwamba inauza hisa zake za PetroChina, ambayo kampuni mama yake ilikuwa mwekezaji mkubwa katika mafuta ya Sudan. Stanford ikafuata mwaka huo huo, na Machi 2006 bodi ya Chuo Kikuu cha California ikapiga kura kufanya vivyo hivyo baada ya wanafunzi kuishawishi kwa muda mrefu. Wanafunzi hao hawakudai kila kampuni iondoke Sudan. Waliorodhesha kampuni zinazoipa serikali mapato au silaha, wakaziacha zile za kilimo, dawa na elimu, kwa kuwa hawakutaka kumwadhibu mkulima pamoja na jenerali. Usahihi huo ndio uliowafanya wanasheria na wahasibu wa vyuo washindwe kuwapuuza. Majimbo zaidi ya 20 yalipitisha hatua zinazofanana, na tarehe 31 Desemba 2007 ikatiwa saini sheria ya shirikisho iliyoyaruhusu kufanya hivyo.

Mnamo Julai 2007 Baraza la Usalama liliidhinisha jeshi la pamoja la Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, UNAMID. Siwezi kusema wanafunzi ndio waliolileta, lakini kelele zao zilikuwa sehemu ya shinikizo lililolileta. Askari wa Tanzania walikuwamo, na saba kati yao waliuawa katika shambulio la kuvizia tarehe 13 Julai 2013. Ninawataja kwa sababu katika masimulizi ya kampeni ile mara nyingi hutajwa watu mashuhuri waliosimama jukwaani Washington tarehe 30 Aprili 2006, na hawatajwi vijana wetu waliokwenda kusimama kati ya wauaji na raia.

Kasoro zake sasa. Mauaji makubwa yalikuwa yametokea mwaka 2003 na 2004, kabla kampeni haijapata nguvu. Profesa Mahmood Mamdani wa Uganda, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliwalaumu wanaharakati kwa kuiondoa Darfur katika historia yake ya ukame, ardhi na siasa za kikoloni, na kuifanya hadithi ya Waarabu wabaya na Waafrika wema inayohitaji majeshi ya nje. Sikubaliani naye katika kila jambo, kwa maana kuna wakati lawama yake iliwapa wahusika kivuli cha kujifichia. Hata hivyo alisema kweli kwamba wanafunzi wengi walijua kuchapisha fulana kabla ya kujua Wamasalit ni akina nani. Isitoshe, tume ya Umoja wa Mataifa ya Januari 2005 ilisema haikuona sera ya serikali ya mauaji ya kimbari, ingawa ilikuta uhalifu usiopungua uzito. Miaka mitano baadaye, Julai 2010, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilitoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir kwa kosa hilo hilo la mauaji ya kimbari. Kikundi kilichojifunza kwa juujuu kiliyumba mbele ya mambo kama hayo, na baada ya mwaka 2009 wengi waliondoka kimyakimya.

Ndipo ikaja Aprili 2023. Jeshi la RSF, lililotokana na Janjaweed, likaingia vitani na jeshi la serikali, na katika mji wa El Geneina Wamasalit wakauawa kwa kabila lao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliouawa katika mji huo mwaka huo kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Oktoba 2025 mji wa El Fasher nao ukaangukia mikononi mwa RSF baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sauti ya vyuo safari hii imekuwa ndogo mno ukiilinganisha na ile ya mwaka 2006, na hilo linaniuma.

Wewe uliye Nairobi una jambo ambalo mwanafunzi wa Georgetown hakuwa nalo. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana katika jiji lako na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao mbadala. Raia wa Kenya ana haki ya kuuliza, kwa barua yenye ushahidi na saini, kwa nini walikaribishwa, na mbunge wake ana wajibu wa kujibu. Wako pia Wasudani wengi jijini, na baadhi yao ni wanafunzi. Wengine waliokuwa wakisomea udaktari Khartoum walipokelewa Muhimbili na nchini Rwanda ili wamalize masomo yao. Ulizeni uongozi wa chuo chenu unaweza kutoa nafasi ngapi za aina hiyo. Dai hilo linaweza kutekelezwa, linahesabika, na ukumbi mzima unaweza kulielewa. Na kama kuna Wamasalit au Wazaghawa walio tayari kusimulia, watafutieni wanasheria wanaojua kuhifadhi ushuhuda ipasavyo. Ali Kushayb, kiongozi wa Janjaweed, alitiwa hatiani The Hague tarehe 6 Oktoba 2025 kwa makosa 27 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, zaidi ya miaka 20 baada ya kuyatenda. Waliomtia hatiani ni mashahidi ambao mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameandika habari zao na kuzitunza.

Mhariri wetu, mimi ni mama wa mkoani Kagera. Binti yangu yumo katika kikundi hicho cha chuo. Likizo hii amerudi nyumbani lakini halali usingizi, anaangalia video za mauaji ya El Fasher kwenye simu hadi usiku wa manane, na nikimwambia apumzike ananijibu kwamba wanaouawa hawapumziki. Nimkataze kikundi?

Mama, usimkataze. Binti anayeumia kwa ajili ya watu asiowajua amelelewa vizuri, na ukimtoa kikundini atazitazama video zile akiwa peke yake. Kinachohitaji kubadilika ni namna anavyofanya kazi hiyo.

Nyingi ya video za El Fasher zilirekodiwa na wauaji wenyewe, wakijionyesha kwa fahari. Kuzitazama usiku kucha hakumwokoi yeyote, na kuzisambaza kunawafanyia kazi waliozitengeneza. Wapo wachunguzi waliofunzwa kuzichambua ili kutambua mahali, tarehe na sura, nao hufanya hivyo kwa zamu na kwa uangalizi. Kikundi cha chuo hakina sababu ya kuwapa wanachama wake wote mzigo huo. Mshauri binti yako apeleke pendekezo kwa wenzake: picha za maiti zisitumwe katika kundi lao la WhatsApp, zisiwekwe katika maonyesho, na sura ya marehemu isionyeshwe bila ridhaa ya ndugu zake. Maonyesho yenye nguvu yanaweza kufanywa kwa ramani, barua, picha za watu wakiwa hai na maneno ya manusura.

Nchini Rwanda wamejifunza hili kwa uchungu. Kila Aprili wapo watu wanaopatwa na mshtuko wakiwa katikati ya ibada za kumbukumbu, wakapiga kelele au kukimbia kana kwamba wauaji wamerudi. Wanyarwanda hali hiyo huiita ihahamuka. Kwa sababu hiyo, katika mikusanyiko mikubwa huwapo watu waliofunzwa kuwapokea, na mahali tulivu pa kuwapeleka. Kikundi cha binti yako kinapaswa kumwomba mshauri nasaha wa chuo awepo katika kila usiku wa kumbukumbu, si kwa ajili ya wageni tu. Nawe Mama, badala ya kumwambia apumzike, mwombe akueleze anachokijua. Akae nawe, aseme, akusikie ukiuliza. Kama baada ya wiki mbili bado hali wala halali, mpeleke akaonane na daktari.

Ndugu Mhariri, mimi ni Mkongomani kutoka Bukavu, ninasoma Kampala. Kila mwaka chuoni wanakumbuka Rwanda, na mimi huhudhuria kwa heshima. Lakini wafu wetu hawana wiki yao. Nikisema hivyo ninaambiwa ninaleta chuki. Je, nikae kimya?

Usikae kimya, ndugu yangu, na pole sana kwa misiba ambayo nyumba nyingi za Kivu zimeibeba kwa miaka 30. Wafu wa Kongo wanastahili kukumbukwa kwa haki yao wenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Mnayo hati ya kusimamia. Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti iliyochunguza miaka ya 1993 hadi 2003 na kueleza matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo, yaliyofanywa na majeshi na vikundi vya nchi mbalimbali. Kuhusu mashambulizi ya mwaka 1996 na 1997 dhidi ya wakimbizi Wahutu waliotoka Rwanda, ripoti hiyo ilisema kwamba baadhi ya mambo, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yanaweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Rwanda iliikataa kwa nguvu, na hadi leo hakuna mahakama iliyoundwa kulisikiliza suala hilo. Hapo ndipo dai la wanafunzi wa Kikongomani linapokuwa imara: mahakama iundwe, ushahidi usikilizwe. Vijana wa Kikongomani walio ughaibuni walianza kukutana kila tarehe 2 Agosti, siku ambayo vita vya pili vilianza mwaka 1998, na sasa siku hiyo inatambuliwa na sheria ya nchi yenu. Andaeni kumbukumbu yenu siku hiyo, na mwaalikeni Mnyarwanda mnayesoma naye, kama wewe ulivyohudhuria ya kwao.

Ninakuomba jambo moja, na ninalisema nikijua uzito wake. Usiruhusu jukwaa lako litumiwe na mtu anayetaka kusema kwamba yaliyowapata Watutsi mwaka 1994 hayakutokea, au anayetumia maiti za Kongo kuwatukana Wanyamulenge na Watutsi Wakongomani ambao ni majirani zenu. Watu hao watakuja, na watakuja wakijifanya wanakuunga mkono. Watoe mlangoni mapema.

Mhariri, mimi ni mhadhiri na mlezi wa klabu ya wanafunzi. Katika mdahalo wetu mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba mwaka 1994 pande zote ziliuana sawa na kwamba mahakama ya Arusha ilikuwa ya washindi. Wengine walitaka atolewe, wengine wakasema mdahalo ni uhuru. Ningefanya nini?

Mheshimiwa mwalimu, mada ya mdahalo ndiyo iliyofungua mlango huo, na ndipo pa kurekebisha. Swali la kama mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalitokea halifai kuwa mada ya kupigiwa kura na wanafunzi. Juni 2006 majaji wa rufaa wa mahakama ya Arusha waliamua kwamba ni jambo linalojulikana kwa wote, lisilohitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliuawa kwa siku zipatazo 100, wakitafutwa nyumba kwa nyumba na kusimamishwa vizuizini kwa kitambulisho kilichoandikwa kabila.

Ndani ya ukweli huo yamo mambo mengi ya kujadiliwa kwa uhuru kamili. Wahutu waliopinga mauaji waliuawa pia, akiwamo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, asubuhi ya tarehe 7 Aprili. Mauaji yaliyofanywa na askari wa RPF, waasi walioishinda serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari na kutwaa madaraka, yameandikwa na wachunguzi, na ni kweli kwamba mahakama ya Arusha haikumshtaki hata mmoja wao. Hilo linaweza kulaumiwa kwa hoja, na wanasheria wa heshima wamelilaumu. Mwanafunzi wako alichanganya lawama hiyo halali na uongo kwamba yote yalikuwa sawa. Kumtoa nje mbele ya wenzake kungemfanya aonekane shujaa wa ukweli uliofichwa.

Mwite ofisini, umpe sehemu ya hukumu ya Akayesu na sehemu ya ripoti ya wachunguzi kuhusu RPF, kisha umwambie aandike kurasa tano zinazoeleza tofauti ya nia, mpango na ukubwa kati ya uhalifu huo wa aina mbili, na kwamba atazisoma mbele ya klabu. Kwa mdahalo ujao chagueni mada isiyomlazimisha mtu yeyote kusimama upande wa kukanusha. Mnaweza kujadili kama Umoja wa Mataifa ulikosea kwa makusudi ulipopunguza askari wake Rwanda hadi 270 tarehe 21 Aprili 1994, au kama wahadhiri wa Butare walioona orodha za majina mwaka 1973 walikuwa na njia ya kuzipinga. Na kama katika ukumbi kuna mwanafunzi aliyenusurika au mtoto wa manusura, mjulisheni mada wiki moja kabla, ili aamue mwenyewe kama atakuja.